Kuipa Picha ya Kale Sauti: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Kiswahili wa Sekondari

Ipo picha moja iliyopigwa Newstead Abbey, Uingereza, mwaka 1874, ambayo imenifundishia Kiswahili kuliko kitabu chochote cha kiada nilichowahi kukabidhiwa. Wamo watu watano: Agnes Livingstone na ndugu yake Thomas, kasisi Horace Waller, na Waafrika wawili, Abdullah Susi na James Chuma. Wamekusanyika kwenye makaratasi na ramani zilizoachwa na David Livingstone, baba wa Agnes na Thomas, mmisionari na mvumbuzi Mskoti aliyefariki mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma ndio walioongoza msafara ulioubeba mwili wake hadi Bagamoyo, safari ya takriban miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500. Waliyoyaeleza kuhusu siku za mwisho za bwana wao yalimfikia Waller, Waller akayaandika kwa Kiingereza, na kwa kalamu hiyo ndiyo yakatufikia sisi.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeitazama picha hiyo na kuulizwa, "Susi anasema nini hapa?", anajikuta anahitaji Kiswahili ambacho hakuwahi kukihitaji katika insha ya "Faida na hasara za simu za mkononi". Mwongozo huu unaeleza namna ninavyoiendesha kazi hiyo, kuanzia uchaguzi wa picha hadi siku ya maonyesho, katika vipindi sita au saba vya dakika 40 na darasa lenye wanafunzi 60 hivi. Naiandika kwa kutumia picha ya Susi na Chuma kwa sababu ndiyo ninayoijua zaidi, na kwa sababu wanafunzi wa pwani yetu wana mahali pa kuigusa: mnara wa kanisa la misheni pale Bagamoyo, ulikolazwa mwili huo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, bado umesimama.

Kuchagua picha

Picha inayofaa ni ile ambayo tunayajua mambo kadhaa ya hakika kumhusu aliyemo, lakini maneno yake mwenyewe ama hayakubaki kabisa, ama yalibaki kidogo, ama yalipita kwenye kalamu ya mtu mwingine. Mambo ya hakika yakikosekana kabisa, mwanafunzi ataelea hewani. Maneno ya mhusika yakiwepo tele, kubuni kunakuwa kazi isiyo na lazima. Ndiyo maana sipendi kuanza na Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa misafara ya karne ya 19, ingawa picha zake zinapatikana kwa urahisi: Hamed bin Muhammad el Murjebi alisimulia maisha yake mwenyewe, tena kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yapo. Yeye nawapa wanafunzi wamsome. Namna anavyounganisha matukio kwa kiambishi -ka-, na namna anavyotaja bei, siku na majina ya watu bila kujieleza moyo, ni darasa tosha la jinsi mtu wa karne ile alivyosimulia.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, anakaa katikati. Naye aliandika, ila kwa Kijerumani, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Picha yake maarufu inamwonyesha akiwa na mavazi ya wanawake wa jumba la Unguja, ilhali ilipigwa Hamburg, alikokuwa akiishi kama mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani. Kumrudishia Kiswahili mwanamke aliyelazimika kujieleza kwa lugha ya ugenini ni zoezi zuri kwa darasa lililokwisha kufanya kazi hii mara moja. Yupo pia Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York mwaka 1840 na merikebu Sultana, akachorwa huko kwa rangi za mafuta na Edward Mooney. Picha yake huwavuta wanafunzi kwa sababu ya safari yenyewe.

Chapa nakala moja kubwa ya kubandika ubaoni na nakala ndogo moja kwa kila kundi la wanafunzi sita. Nakala nyeusi na nyeupe inatosha, mradi nyuso zionekane. Nimewahi kutumia nakala iliyofifia hata macho ya Chuma yakawa madoa mawili, na kipindi kizima kikaishia kwenye kubishana kama amekasirika au jua limemwingia machoni. Heri kwenda stesheneri mara ya pili kuliko kuanza hivyo.

Kutazama kabla ya kuambiwa

Kipindi cha kwanza usitaje jina la mtu yeyote. Bandika picha, kaa kimya dakika tatu nzima, na uwaagize waandike sentensi kumi zinazoanza na "Naona". Sheria ni moja: kinachoandikwa lazima kiweze kuguswa kwa kidole kwenye karatasi. "Naona mikono yake imetulia" inakubalika. "Naona ana huzuni" inarudishwa, na mwenye kuiandika anatakiwa aonyeshe ni kitu gani usoni kilichomfanya aseme hivyo.

Hapa ndipo msamiati unapoanza kuwaponyoka, na ni vizuri uwaponyoke. Wanafunzi wanaoongea Kiswahili tangu utotoni hukwama wanapotaka kueleza namna mtu alivyoketi, alivyoinamisha kichwa, alivyokunja mguu. Maneno kama kujiegemeza, kukita macho, kupiga goti, kukunja uso, kujikunyata na kujinyoosha huingia darasani kwa sababu yanahitajika, na neno lililoingia kwa kuhitajika halitoki upesi. Yaandike pembeni mwa ubao yanapojitokeza, usiyalete kama orodha uliyoiandaa nyumbani.

Kabla kengele haijalia, uliza swali moja: "Nani kati ya hawa watano anajua zaidi habari zilizo kwenye karatasi hizo?" Karibu kila darasa hutaja Mzungu. Usiwasahihishe, acha jibu hilo likae ubaoni hadi kipindi kijacho.

Safu tatu

Kipindi cha pili gawa ubao katika safu tatu: tunayoyaona, tunayoyajua, na tusiyoyajua. Safu ya kwanza inatoka kwenye sentensi za jana. Ya pili unaileta wewe, na ni lazima uiandae kwa uangalifu mkubwa, maana kosa lako litakuwa kosa la watoto 60. Kwa picha hii mimi huandika haya.

Chuma alikuwa Myao. Alitekwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, akakombolewa mwaka 1861 na kundi la Livingstone na Askofu Mackenzie, na baadaye akasoma shule Bombay. Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, akaanza kumfanyia Livingstone kazi kwenye meli. Livingstone alipofariki mwaka 1873, wafuasi wake waliuzika moyo wake chini ya mti kijijini kwa Chitambo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza safari. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakakutana na Luteni Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike palepale, wakakataa. Mbele zaidi, wenyeji walipopinga maiti kupitishwa katika nchi yao, wakatengeneza mzigo wa uongo, wakajifanya wanaurudisha nyuma ukazikwe, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mwenzao katika msafara, alihudhuria. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko kwisha.

Soma habari hizo polepole, kisha uirudie sentensi ya mwisho. Darasani kwangu kila mwaka kuna mtu anayeguna hapo.

Safu ya tatu ndiyo inayojaza madaftari, na wanafunzi wenyewe ndio wanaoijaza. Walizungumza lugha gani wao kwa wao mezani pale? Nani aliwachagulia nguo? Waliambiwaje kwamba maziko yamekwisha? Waliikumbuka vipi siku fulani miezi kumi na minane baadaye? Mstari kati ya safu ya pili na ya tatu uchorwe mnene, kwa chaki ya rangi ikiwezekana, na wanafunzi waelewe kanuni itakayotawala kazi yote: safu ya pili haigeuzwi hata kidogo, na safu ya tatu ndiyo shamba lao. Mwanafunzi hana ruhusa ya kumfikisha Susi kwenye maziko kwa sababu tu ingekuwa tukio zuri la kusimulia. Ana ruhusa kamili ya kubuni alichokiwaza alipoambiwa amechelewa.

Kumpata msikilizaji

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi, na ndiyo ninayoona ikirukwa mara nyingi katika shule nyingine. Mwalimu huwaambia wanafunzi, "Jifanye wewe ndiwe Susi, andika unavyojisikia," na matokeo yake ni hotuba inayofanana kwa wote. Ninayo bado rasimu ya msichana mmoja, miaka kadhaa iliyopita, iliyoanza hivi: "Jina langu ni Abdullah Susi. Ninajivunia sana kuwa sehemu ya historia ya Afrika." Hakuna kosa la sarufi hapo. Tatizo ni kwamba hakuna mtu duniani anayezungumza hivyo, kwa sababu haelezwi mtu yeyote.

Kiswahili hakikuruhusu kufungua kinywa kabla hujajua uko mbele ya nani. Salamu yenyewe inakudai uchague. Je, ni mkubwa wako, rika lako, bwana wako, mtumwa mwenzako wa zamani, mtoto? Utamwita bwana, ndugu yangu, kaka, mama, mwenzangu? Utasema "niletee", "naomba uniletee", au "ungeniletea"? Chagua msikilizaji, na nusu ya lugha inajipanga yenyewe.

Waambie kila mmoja achague msikilizaji mmoja, mwenye uhusiano na mhusika, na ataje ni wakati gani wanazungumza. Mimi huweka wanne mbele yao. Wa kwanza ni Waller, aliyepo mezani na kalamu yake. Wa pili ni Agnes, anayetaka kujua baba yake alikufaje. Wa tatu ni mpigapicha anayewaambia watulie. Wa nne ni Halima, mpishi wa Livingstone, mwanamke aliyekuwemo katika msafara na ambaye picha haina nafasi yake. Halima huchaguliwa na wengi, na kwa sababu nzuri: kwa Waller Susi atajibu maswali, kwa Agnes atachuja maneno, ila kwa Halima atasema.

Yule msichana nilimuuliza swali moja tu: "Unamwambia nani?" Kesho yake alileta hii:

"Halima, wamenikalisha kwenye kiti, wanataka nisitikisike. Mtu wa picha amesema hata macho nisipepese. Karatasi zake bwana zipo hapa mbele yetu, zile ulizokuwa ukizikimbiza hemani mvua ikija. Wananiuliza tarehe. Mimi tarehe sizijui, Halima. Nakumbuka maji."

Itazame kama mwalimu wa lugha. "Zile ulizokuwa ukizikimbiza" ni njeo changamano pamoja na kirejeshi na kiambishi cha mtendwa, muundo ambao msichana huyo alikuwa ameukosa katika jaribio la sarufi wiki mbili nyuma. Safari hii aliuandika sawasawa bila kuulizwa, kwa sababu alihitaji kumkumbusha Halima jambo ambalo Halima mwenyewe alikuwa akilifanya mara kwa mara. Tangu siku hiyo nimeacha kufundisha kirejeshi kwa sentensi za "mtoto aliyekuja jana".

Lugha ya mhusika na ya wakati wake

Vipindi viwili vinavyofuatana vinafaa hapa, maana pana mengi.

Anza na maneno ambayo mhusika asingeweza kuyasema. Andika ubaoni sentensi kama hii: "Tulikabiliwa na changamoto nyingi katika mchakato wa kusafiri kilomita 1,500 hadi taifa la Tanzania." Waache waitafute kasoro. Watagundua kwamba taifa hilo halikuwepo, kwamba kilomita haikuwa kipimo cha wapagazi, na kwamba "changamoto" na "mchakato" ni maneno ya ofisi na semina za siku zetu. Mtu wa msafara alihesabu njia kwa siku na kwa kambi. Alisema shida, taabu, mashaka, njaa, na zaidi ya hapo aliitaja shida yenyewe kwa jina lake.

Kisha walete maneno ya msafara, yaliyo mazuri mno kuachwa yafie kwenye kamusi: mpagazi, mtumba, posho, hongo iliyotozwa na watawala wa njiani, kirangozi aliyetangulia mbele, mnyapara aliyesimamia watu, merikani na kaniki zilizotumika kama fedha, tembe za Unyanyembe. Eleza kila neno kwa kitu. Neno "merikani" lina historia nzima ndani yake: nguo nyeupe ya pamba iliyotoka Marekani ikawa inajulikana kwa jina la nchi yake hadi bara. Mwanafunzi akijua kwamba mwili wa Livingstone ulifungwa ufanane na mtumba wa nguo, ataelewa kwa nini hila ile iliwezekana. Mzigo wa namna hiyo ulikuwa kitu cha kawaida kuliko vyote njiani.

Jambo jingine la kuwaeleza ni kwamba Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya Chuma wala ya Susi, na kwamba Kiswahili sanifu tunachokisahihishia mitihani kilisanifiwa katika karne ya 20, kwa kufuata Kiunguja. Hili huwapa wanafunzi uhuru fulani, hasa wale wanaotoka majumbani kunakosemwa lugha nyingine. Mwanafunzi Myao anaweza kumwekea Chuma neno moja la Kiyao pale anapokumbuka utoto wake. Lakini onya dhidi ya lafudhi za kuigiza. Neno moja au mawili yaliyowekwa mahali pake yanatosha. Aya nzima ya Kiswahili kilichovunjwa makusudi inamfanya mhusika aonekane mjinga, na mtu aliyeongoza msafara ule hakuwa mjinga katika lugha yoyote.

Sarufi nayo ina mahali pake maalumu kwa picha hii. Kiambishi -ka- kinabeba safari: tukaondoka, tukafika, tukakataa. Kiambishi hu- kinabeba mazoea ya kambini. Na -ngali- kinabeba jambo ambalo halirudi: "Tungaliwahi, tungalisimama na Jacob kaburini." Sioni mfano bora zaidi wa kufundishia -ngali-, kwa sababu hapa mwanafunzi hajazi pengo kwenye sentensi, anabeba uzito wake.

Atakayechagua barua badala ya mazungumzo mfundishe muundo wa barua za Waswahili wa zamani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zikitanguliza sifa na dua kwa mwandikiwa, kisha salamu, kisha neno "wabaadu" la kuingilia habari yenyewe. Anayependa ushairi afanye utenzi, kwa mizani nane katika kila kipande, vina vya ndani vikifanana katika vipande vitatu na bahari ikitunzwa katika kipande cha nne. Huu ni ubeti nilioutunga mwenyewe wa kuwaonyesha njia, Chuma akikumbuka mabwawa ya Bangweulu walikopita na mgonjwa wao msimu wa mvua:

Mimi Chuma nawambia
njia tuliyopitia
maji yalitufikia
kifuani na begani

Wanafunzi wakauendeleze wao. Wengi hukwama kwenye ubeti wa pili kwa kutafuta vina, na hapo uwakumbushe kwamba safu ya pili ya ubao inawasubiri.

Rasimu, maswali, na rasimu tena

Urefu wa rasimu ya kwanza usizidi nusu ukurasa. Kazi fupi hulazimisha uchaguzi, nawe utaweza kuzisoma zote.

Usizikusanye ukazisahihishe kwa kalamu nyekundu. Wapange wawili wawili, mmoja asome kwa sauti, mwenziwe asikilize akiwa ameifunika karatasi, kisha amuulize maswali matatu: Hapa unazungumza na nani? Ni jambo gani ulilolisema ambalo Susi peke yake angelijua? Na hili ulilolisema, lipo safu gani ubaoni? Swali la pili ndilo linalochimba. Kijana mmoja alikuwa ameandika kwamba mzigo ulikuwa mzito. Mwenziwe akamwambia, "Kila mtu anajua mzigo ni mzito." Akafikiri, akafuta, akaandika kwamba mzigo ulikuwa unazidi kuwa mwepesi kila siku kwa kuwa mwili ulikuwa unakauka, na kwamba wepesi ule ndio uliomtia hofu. Sikuwa na la kuongeza.

Wewe pita katikati ya madawati ukisikiliza maneno makubwa: ujasiri, uzalendo, ukombozi, historia. Kila unapolisikia moja, muulize mwandishi ni kitendo gani kilicho nyuma yake, na kitendo hicho kiandikwe mahali pa neno. Makosa ya upatanisho wa kisarufi yasahihishwe mwishoni kabisa, katika rasimu ya tatu, wakati mwanafunzi ameshaipenda kazi yake kiasi cha kutaka iwe safi.

Picha zisizo na majina, na wahusika wagumu

Utafika wakati wanafunzi wataleta picha zao, na mara nyingi zitakuwa postikadi za zamani za pwani, zilizopigwa katika studio kama ile ya A. C. Gomes pale Unguja na kuuzwa kwa wageni. Nyingi zina maandishi yanayotaja kabila, kazi au jinsia tu, mfano "mwanamke wa Kiswahili", bila jina la mtu. Sheria yangu ni kwamba jina halibuniwi. Aliyenyimwa jina na mpigapicha hapewi la uongo na sisi. Mwanafunzi aandike kwa nafsi ya kwanza bila jina, na ukimya huo uwe sehemu ya sauti: "Hukuniuliza jina. Uliniuliza kama ninaweza kushika mtungi." Msikilizaji anayefaa zaidi kwa picha hizi ni mpigapicha mwenyewe.

Kwa picha za watu waliokuwa utumwani uwe na tahadhari zaidi. Usiruhusu mateso yaandikwe kwa utamu wa maelezo, wala usimruhusu mwanafunzi amfanye mhusika ashukuru wakombozi wake ili kazi iishe vizuri. Nami sitoi agizo la kumsemea mfanyabiashara ya watumwa kwa wanafunzi walio chini ya kidato cha tano, kwa kuwa kumpa mtu huyo sauti inayoaminika bila kumtetea kunadai ukomavu ambao wengi bado hawajaupata. Palipo na wanafunzi ambao familia zao zinaikumbuka historia hiyo kwa upande wowote, zungumza nao pembeni kabla, si baada.

Kusikika

Kazi hii haijakamilika ikiwa karatasini. Panga picha ukutani kwenye karatasi za manila, mwandishi asimame kando ya picha yake, wageni wapite mmoja mmoja na kusikiliza. Simu moja ya mwalimu inatosha kurekodi wale wenye haya. Wafundishe kusoma wakimtazama msikilizaji wa kubuni: anayezungumza na Halima aangalie chini na pembeni, anayemjibu Waller aangalie mbele. Dakika moja na nusu kwa kila msomaji ni nyingi. Siku hizi zipo programu zinazotikisa midomo ya picha ili ionekane inasema. Mimi sizitumii, kwa sababu zinafuta mshono kati ya kilichojulikana na kilichobuniwa, na kuuona mshono huo ndiko tulikowafundisha.

Katika alama 30, mimi hutoa 10 kwa uaminifu kwa safu ya pili, 10 kwa lugha, 5 kwa msikilizaji na 5 kwa usomaji. Ushahidi ukivunjwa, alama zake 10 hupotea zote, hata kama maneno ni matamu namna gani.

Jambo la mwisho la maandalizi nililijifunza kwa kosa langu. Siku moja ya wazazi niliwaacha wanafunzi wasome bila maelezo yoyote ukutani, na mgeni mmoja mzee akaondoka akiamini kwamba barua ya Susi kwa Halima ni barua ya kweli iliyopatikana kwenye hifadhi ya nyaraka. Aliniomba nakala. Kumweleza ilinigharimu nusu saa, na aibu yake ilinikaa muda mrefu kuliko hapo. Tangu hapo kila picha ina kikaratasi chini yake, kimeandikwa kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, chenye mistari miwili. Wa kwanza unataja tunachokijua: "Abdullah Susi, Newstead Abbey, 1874." Wa pili unasema: "Maneno mtakayoyasikia yametungwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Susi alisema mengine, na hatukuyasikia."